Kimondo Kina Hatia

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani, wewe na shemeji. Hamjambo? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi mzima kabisa, ila naandika mbio kwa furaha, kwa hiyo univumilie mwandiko. Nilitaka kupiga simu, nikajua nitaishia kulia bila kusema la maana.

Dada, ulikuwa sahihi! Kimondo kina hatia!

Unaukumbuka ule mwamba uliochorongwa kwa mashine na kutolewa chini ya bahari, ambao Profesa aliutumia kukunyamazisha. Wewe ulisema konokono wale wa kale walitoweka palepale kimondo kilipoanguka. Yeye akakuonyesha magamba yao juu ya zile shanga ndogo za kioo zilizorushwa na kimondo, yaani waliendelea kuishi baadaye, tena raha mustarehe. Ukafungasha, ukaenda kufundisha sekondari, na hadi leo ukiulizwa habari za maabara unabadilisha mazungumzo.

Basi Jumanne nilikuwa nakata kipande kilekile cha mwamba huo ili nipate picha ya tasnifu yangu. Unajua kila kipande huchorwa mshale unaoonyesha upande wa juu. Hiki kilivunjika wakati wa kutolewa, mshale ukachorwa baadaye. Nikaona chembe kubwa za mchanga ziko juu, laini ziko chini. Ebo! Tangu lini? Mwaga mchanga kwenye ndoo ya maji uone, chembe kubwa ndizo hutangulia kuzama. Nikakigeuza. Magamba yote yakawa chini ya shanga, na juu yake hamna kitu, tupu! Waliishi, jiwe likaanguka, wakaisha. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio akidhani nimejikata na msumeno.

Profesa alikuja, akainama, akakigeuza kipande mara mbili. Akasema mshale ule aliuchora yeye mwenyewe. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama bado una hasira naye. Nikamwambia huna hasira, umeumia, na hayo ni mambo mawili.

Sasa nikwambie nililokuficha. Tasnifu yangu, ambayo kila ukiniuliza nakwambia ni mambo ya mawe tu, imejengwa yote juu ya mshale huo. Ina sura nzima inayoeleza kwa nini wewe ulikosea. Niliona haya kukwambia, dada. Ilikuwa niitetee mwezi ujao. Jana nimekwenda chuoni kuiondoa, na wallahi nimerudi nacheka njia nzima. Profesa akauliza nani sasa atanionyesha pa kuanzia. Nikamjibu ni wewe, kwamba nimeshakuomba, umeshakubali, na Jumatatu utafika.

Najua, najua, ndiyo kwanza nakuomba sasa. Utanigombeza ukifika.

Msalimie sana shemeji, mwambie akuazime lile sanduku lake kubwa. Meza yako ya zamani Profesa ameifuta vumbi kwa mkono wake.

Mdogo wako akupendaye,
Kiherehere