Sauti Iliyobaki Kwenye Diski

Kaka Batista,

Shikamoo. Sijui kama wafu huamkiwa, ila mkono umezoea.

Studio ya Bombambili sasa anaiendesha mdogo wako, Erasto. Mkeo, Mama Neema, amerudi kwao Ruhuwiko na mtoto. Siku ya kuanua matanga wazee walisema kila mmoja wao achukue diski moja ya kompyuta ya studio, kwa kuwa zote mbili zilikuwa zinahifadhi kitu kilekile: Erasto abaki na harusi na komunio za wateja, mkeo abaki na video ulizomrekodia Neema ulipojua huponi.

Erasto akaja na bisibisi. "Chomoa tu, Kasiani. Si zinafanana?"

Nikamwomba asubiri. Nilikuwa nakusikia kabisa: "Kagua kwanza, bwana mdogo. Ukishazitenganisha, umeshazitenganisha."

Nikaiacha kompyuta ilinganishe faili moja moja. Ilichukua kutwa. Mama Neema alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, hata chai hakugusa.

Kaka, hazikuwa sawa. Diski ya pili iliacha kunakili kabla hujalazwa, wala kompyuta haikutuonya. Na ndiyo aliyopangiwa mkeo. Angefika nayo Ruhuwiko, afungue, asikukute humo.

Ile ya kwanza nayo imeanza kufa. Nilihamishia haraka kwenye diski mpya kila kilichosomeka. Harusi nyingi zimepona. Za Neema... imefunguka moja tu, tena picha ni giza. Sauti ipo. Unakohoa, unamwita "mama", unamwambia asiogope shule. Halafu unakatika katikati ya neno.

Erasto alitoka nje. Mama Neema akasema, "Rudia." Nikarudia. "Tena." Hakulia. Nililia mimi.

Diski tumezitenganisha baadaye, kila mmoja na nakala niliyoikagua upya. Zile video nyingine za Neema nimezihangaikia mpaka kwa fundi wa Mjimwema. Naye ameshindwa. Hazipo, kaka. Inaniuma kukuandikia hivi.

Pumzika. Ila mimi ndiye niliyekushikia kamera siku zile zote. Maneno mengi ninayo, mengine yameshanitoka. Neema akikua nitamkalisha nimwambie ninayoyakumbuka, na nikifika pale ninaposahau nitamwambia nimesahau. Sitakutungia hata neno moja.

Kasiani wako