Klachi Imelegea

Jumatano, 12 Machi
Mume wangu ametolewa plasta. Mkono wa kushoto umetoka mwembamba, kama si wake. Bosi wake amepiga simu: Jumatatu arudi kusoma mita za maji, na aje na pikipiki. La sivyo njia yake anapewa mwingine.
Jioni akaipanda, akabana klachi, akashuka. Eti klachi imelegea, mafuta yamekufa. Sikubishana. Nilifungua kikopo cha pale kwenye usukani — kweli, meusi kama chai ya rangi iliyochemshwa mara mbili! Nitayabadilisha mwenyewe. Klachi ikiwa nzima na bado akashindwa, tutajua tatizo liko wapi.
Asubuhi nilimfunga vifungo vya shati. Alitazama ukutani. Na mimi nilitazama vifungo tu.

Alhamisi, 13 Machi
Muuza vipuri alinicheka. Dada, klachi ni waya, mafuta ya nini? Mwite mzee aje mwenyewe. Nikamsomea nilichonakili kwenye kifuniko: DOT 4. Akakuna kichwa, akanipa. Kumbe ni yale yale ya breki. Nilikataa chupa iliyokwisha kufunguliwa. Haya mafuta hunyonya unyevu.

Ijumaa, 14 Machi
Kazi! Tangi nimelifunika kitambaa kibichi, maana mafuta haya yakidondoka yanakula rangi. Machafu ya kwenye kikopo nikayavuta kwa bomba la sindano, nikajaza mapya. Chini, kwenye skrubu ya kutolea hewa, nikachomeka mpira mwembamba hadi kwenye chupa. Yeye juu ya kiti anabana klachi na kushikilia. Mimi nimechuchumaa na spana: nafungua, machafu yanatoka, nafunga, ndipo anaachia.
Tulikwenda vizuri mpaka nilipoona yanaanza kung'aa. Nikasema, "Haya!" Akaachia. Skrubu iko wazi! Hewa ikaingia, leva ya klachi ikaanguka hadi kwenye usukani.
"Si umesema haya?"
"Haya ya kufurahi!"
"Haya ni haya, mke wangu. Mimi nitajuaje imefurahi?"
Tulicheka mpaka nikaangusha spana. Kuanzia leo neno hilo marufuku. Ni bana, na achia. Basi. Giza likatukuta, tukaacha.

Jumamosi, 15 Machi
Tumerudia. Bana — achia. Bana — achia. Kila mara nikiangalia kikopo kisipungue. Viputo vikawa vingi, vikawa kimoja kimoja, vikaisha. Mafuta yakatoka rangi ya asali.
Hapo nikainua kichwa kunyoosha shingo. Alikuwa anabana kwa mkono wa kulia, ameupitisha juu ya tangi. Wa kushoto umelala pajani.
Nikainama upesi, nikajifanya napangusa skrubu.
Nilipomaliza kufunga kila kitu nikaibana mwenyewe. Ngumu kiasi chake, inarudi kwa nguvu. Akaijaribu kidogo, hakunitazama.
"Bado ina hewa."
Haina hewa. Neno haya tumelipiga marufuku. Haya yenyewe imebaki.

Jumapili, 16 Machi
Sikulala vizuri, lakini nimepata. Kwenye leva kuna kigurudumu kidogo chenye namba. Ukikizungusha, leva inasogea karibu na vidole. Miaka yote hakuna aliyekigusa! Nimekizungusha kabla hajaamka.
Wakati wa chai nikamwambia wazi: klachi ni nzima, kilichobaki ni mkono, na mkono unafundishika.
Akakoroga chai muda mrefu.
"Umeniona lini?"
"Jana."
"Ijumaa pia nilibana kwa wa kulia," akasema. Kisha, "Fundi gani wewe, badala ya kuangalia skrubu unaangalia watu."
Nikamwambia leo hakuna kwenda popote. Uani tu, bila kuwasha injini. Anabana, anaachia, anapumzika. Mpaka jioni ikibidi. Akatoka uani.
Ninaandika hapa dirishani. Amepanda. Mkono wa kulia ameutia mfukoni mwenyewe, sikumwambia. Wa kushoto uko kwenye leva. Vidole viwili vimefika. Cha tatu —
Anaita: "Fundi! Husemi?"
Nimesema, bana.
Amesema, "Haya." Haya ipi sasa —