Mawese kwenye valvu ya Bulaimu

Jean-Marie, nimecheka kilioni kwa marehemu Bulaimu, yule fundi wetu, mbele ya wanawe!

Nimekumbuka kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, ya mgodi wa Salamabila, 1956. Kila asubuhi valvu ya kutolea hewa ilichelewa kufunguka, hewa inarudi nyuma, mashine inatetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Mzungu msimamizi akamwambia Bulaimu: "Kesho ikitetemeka tena, kazi yako imekwisha!"

Bulaimu akafungua silinda inayosukuma valvu. Mafuta ya mawese! Yameganda kwa baridi! Yeye mwenyewe ndiye aliyeyapaka, kayatoa jikoni kwa mkewe.

Akaweka ngozi mpya ya kuzibia hewa na mafuta ya mashine. Asubuhi valvu ikafunguka pap!

"Umefanya nini?" Mzungu akauliza.

"Bwana, nimeikataza chakula cha bibi yangu."

Chakula cha bibi, Jean-Marie!

Mzungu akanusa ngozi ya zamani, inanukia mawese: "Kazi yako iko. Huyo bibi anapika kuku lini?"