Neno la Siri la Shemeji Idi

Sokon I,
Arusha

Dada yangu Mwamvua,

Shikamoo. Barua hii naitia mkononi mwa Mama Shabani, jirani yangu anayekuja Kigoma kumwona binti yake aliyejifungua. Naomba ikukute umekaa, si umelala, na ule mguu uwe umekubali kukanyaga chini. Unijibu kweli kuhusu mguu. Ukiniandikia "naendelea vizuri" tu nitajua unanificha, na mambo ya kufichana, Dada, mimi nimeshayakoma. Huku baridi imekaza, mlima hatujauona siku nyingi kwa ukungu, nami nimo ndani ya eda yangu. Nakula nikilazimishwa, naswali, nalala kidogo. Uzima upo. Furaha ndiyo sina.

Juzi kwenye simu ulinisikia nalia, ukaniuliza kulikoni, nikakujibu salio linakwisha. Salio lilikuwepo. Maneno ndiyo hayakuwa na pa kuanzia.

Siku ile Baba Zuena alipofariki, alikuwa amerudi kutoka kuwazungusha wageni mbugani, akakaa kitini kuvua viatu, na hakuinuka tena. Alasiri ya siku hiyo hiyo tulikuwa tumeshamzika. Wewe ulipopiga kunipa pole, swali lako la pili lilikuwa, "Zuena ameambiwa?" Nikasema bado tunaangalia. Ukanijibu, "Angalieni, Hadija. Mficha maradhi kifo humuumbua." Nilikukasirikia, nikaona Dada yuko mbali, hajui yanayosemwa huku. Kumbe wewe wa Ujiji ndiye uliyeona, na sisi tuliokuwa na maiti ndani ndio vipofu.

Wanaume walikaa kikao pale chini ya turubai. Aliyekiongoza ni Shemeji Idi, mdogo wake marehemu. Unamjua, yule karani mwenye kalamu mbili mfukoni. Wakaamua mtoto asiambiwe. Zuena yuko India, mwaka wa mwisho wa ufamasia, mitihani iko mlangoni, na baba yake alikuwa haongei kitu kingine ila mitihani hiyo. Akiambiwa leo ataacha kalamu chini, na kuja kumzika hawezi, maana sisi hatuweki maiti. Basi amalize kwanza, kisha tumwambie uso kwa uso, mimi mama yake nikiwepo, si kwa simu kama watu wanaopeana habari ya mvua. Mimi nilikuwa ndani, nimeshikwa na wanawake huku na huku. Walipokuja kuniambia nikaitikia kwa kichwa. Siku ile hata wangeniambia tumzike Zuena mwenyewe ningeitikia.

Sasa huo uso kwa uso wenyewe ni wa kwenye laptop. Baba Zuena alinunua laptop iliyotumika kwa mtu, akafunga na kile kisanduku cha intaneti kisichotumia waya, ili kila Ijumaa akitoka msikitini aongee na mwanawe huku anamwona. Alikuwa anabaki na kanzu ile ile ya msikitini na kumwonyesha sahani, "Ona pilau la mama yako, wewe kula dengu zako huko." Nyumba nzima inacheka.

Shemeji Idi alijua nyumba ya msiba ina vijana wengi wenye simu za kisasa, na kijana hana breki mdomoni. Akaingia kwenye laptop, akabadilisha neno la siri la kile kisanduku ili asipate mtu kuingia mtandaoni akaropoka. Hakumwambia mtu neno lenyewe, mimi nikiwemo. Alisema analihifadhi kichwani.

Zuena akawa anapiga simu ya kawaida. Akiuliza baba, namwambia yuko Serengeti na wageni, kule mtandao haushiki. Akiuliza mbona laptop haionekani, namwambia intaneti mbovu. Msimu wa wageni ulikuwa umeanza kweli, akaamini. Mara moja alipiga amejaa furaha. "Mama, nimemnunulia Baba saa ya mkono. Ina taa, ataiona hata porini gizani. Usimwambie, au mwambie tu, siwezi kunyamaza!" Nikasema nitamwambia. Akanitania kwamba nina wivu kwa sababu mimi sijanunuliwa kitu, nikacheka. Nilikuwa nimekaa kitandani upande wa baba yake, Dada, na nikacheka.

Mitihani ikaisha. Shemeji Idi akaja na shekhe wa mtaa, wakaketi ukumbini. Laptop ikapitishwa kwao kupitia kwa Mama mkwe, ikafunguliwa, ikauliza neno la siri. Shemeji akaandika. Ikakataa. Akaandika tena polepole, kidole kimoja kimoja. Ikakataa. Akajaribu jina la marehemu, jina la mama yao, la kijiji chao cha Kondoa, namba za gari alilokuwa akiliendesha kaka yake. Ikakataa kama imelishwa kiapo. Shekhe akaaga kwa adabu, ana darsa.

Siku zilizofuata alikuwa anakuja kila akitoka kazini, anajaribu, anaondoka. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa namsikia anavyogonga vitufe, na hasira ikanipanda mpaka nikasema kwa sauti, "Shemeji, ulilifungia kabati la nani hilo ukapoteza ufunguo? Mwanangu anangoja!" Nikasikia analia, mtu mzima yule. Akasema, "Shemeji, nisamehe. Siku ile sikuwa na akili. Mkono mmoja nilikuwa naandika hilo neno, mkono mwingine nimeshika sanda ya kaka yangu. Nimejaribu kukumbuka, sioni neno, naona sanda tu."

Nami siku ile siikumbuki, sembuse neno.

Nilitaka tumpigie mtoto simu tumalize. Mama mkwe akasema haiwezekani, wazee wameshaamua, na habari kama hiyo inahitaji macho. Simu za vijana nazo akazikataa, habari ya marehemu isipitie mkononi mwa kijana. Kwenda kwenye duka la intaneti mjini na eda yangu haiwezekani pia. Ikabaki kumleta fundi, na hapo napo pana kesi. Vyombo vya sebuleni vilipohamishwa siku ya msiba, kisanduku kilichomekwa chumbani kwangu, na humo mwanamume haingii. Nikasema basi tukitoe nje. Mama mkwe akang'aka, "Kitu cha marehemu hakivuki kizingiti mpaka eda iishe!" Hiyo aliitoa wapi sijui. Shekhe hajaisema, lakini utabishana na nani.

Wiki ikaenda, nyingine ikaingia. Mwishowe Shemeji akamleta fundi mmoja Mmeru wa Kikwe, kijana mpole anaitwa Elia. Akaketishwa barazani chini ya dirisha langu, pazia limeshushwa, Mama mkwe amesimama katikati kama askari wa mpakani.

Elia akasema, "Mama, pole sana na msiba. Neno lile likishasahaulika halitafutwi, linafutwa. Geuza kisanduku, nyuma kuna katundu kadogo."

Mama mkwe akadakia, "Anasema ugeuze, kuna katundu."

"Nimesikia, Mama."

"Una pini? Ingiza pini pole pole, bonyeza, usiachie mpaka taa zote zizimike."

"Anasema uwe na pini!"

"Nimesikia, Mama, dirisha liko wazi."

Nikachomoa pini ya mtandio, nikaingiza, nikabonyeza. Taa zikazima zote, nikaogopa nimekiua. Elia akasema subiri, zikarudi moja moja. Akaniambia nisome maandishi yaliyobandikwa chini ya kisanduku, ndilo neno la kiwandani, niliandike kwenye laptop. Likakubali mara ya kwanza. Kisha akanielekeza kuweka neno jipya. "Weka usiloweza kulisahau, Mama, na usiniambie." Nikaweka jina lako. Elia alipoondoka Mama mkwe alimfungia ndizi mbivu kwenye gazeti, akasema kwa Mkristo huyu kijana ana heshima. Yeye ndivyo anavyosifu.

Shekhe akaitwa, Shemeji akaja, Mama mkwe akakaa. Walipanga vizuri. Kwanza salamu, kisha Shemeji aulize mitihani, kisha shekhe aingie taratibu na maneno ya subira, mpaka mtoto afike mwenyewe kwenye habari. Wanaume wakakaa ukumbini nyuma ya pazia, laptop ikawa kwangu chumbani juu ya stuli, sauti ikiwafikia. Kila mtu alikuwa na neno lake tayari. Kweli, Dada, katika kikao chote kile, na siku zote zile za kuhangaika na neno la siri, hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri nimevaa nini.

Nilikuwa na meupe yangu ya eda. Shuka mbili, kichwani kitambaa cheupe, sina hereni, sina wanja.

Picha ilitangulia, sauti ikachelewa. Nikamwona Zuena amesuka nywele upya, anacheka, mdomo unakwenda bila kusikika, mkononi ameinua kiboksi kidogo anionyeshe. Halafu akanitazama. Aliyajua hayo meupe, maana aliyaona kwako ulipofiwa, alipokuja kukaa nawe likizo nzima. Kile kiboksi kikashuka polepole mpaka sikukiona tena.

Sauti ikafika. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, "Lini?"

Shemeji nyuma ya pazia akaanza, "Mwanangu, salama huko? Mitihani..."

"Baba mdogo, ngoja. Mama, lini?"

Shemeji akasema, "Tulia kwanza, mwanangu, shekhe ana neno."

"Simuulizi shekhe. Namuuliza Mama."

Nikamwambia. Nikamwambia ni kabla hajaingia mtihani wa kwanza, alirudi safari akakaa kuvua viatu, hakuteseka. Macho yake yakawa yanakwenda juu na chini, namwona anazirudia siku zake moja moja kuangalia ipi ilikuwa ya kweli. Kisha akasema, "Kwa hiyo siku ya saa, alikuwa ameshazikwa."

Nikasema ndiyo.

"Ulicheka, Mama. Nilikusikia ukicheka."

Akafunga. Shekhe, ambaye hakujua amefunga, alikuwa ameshaanza kuhusu subira, na alisema kwa muda mrefu, na vizuri, kwenye kioo cheusi. Sikuwa na nguvu ya kumkatiza.

Toka siku hiyo intaneti haijakatika hata mara moja. Nikifungua laptop inajiunga yenyewe, jina la Zuena linawaka kijani kuonyesha yupo, nampigia, linaita mpaka linachoka. Shemeji Idi haji tena, anatuma sukari na mchele kwa watu. Mama mkwe anasema Zuena ataacha tu kununa, damu si maji. Mimi sijui. Nimempoteza mume na sikumaliza kumlilia, kwa sababu nilikuwa na kazi ya kudanganya. Sasa naona kama nimempoteza na mtoto, na huyu yuko hai. Nayakumbuka maneno yako ya ile simu na naumia, Dada. Naumia sana.

Jana jioni akaandika. Nilikimbilia laptop mpaka nikajikwaa. Ameandika hivi: "Mama, sijakukasirikia. Najua walikuambia unifiche. Nataka kujua kitu kimoja tu. Siku ukifa wewe, nani ataniambia?"

Nimekaa na swali hilo usiku kucha na leo kutwa.

Nisalimie Kaka Hamisi mjenzi, mwambie pole zake zilifika. Msalimie Bibi Mkunga, yule aliyenipokea mimi duniani kisha akampokea na Zuena, na mumewe mzee. Wasalimie wajukuu wako wote, na huyo mdogo anayeogopa simu umbusu kwa ajili yangu.

Na wewe, Dada, sikuombi mchele wala sabuni, wala usije na mguu huo. Namba ya Zuena nimeiandika nyuma ya bahasha. Nimemjibu mwanangu kwamba atakayemwambia ni mama yake mkubwa, na nimemwandikia jina lako. Basi usiniangushe. Siku ukipata habari yangu, usingoje kikao, usimuulize Shemeji wala shekhe, wala usiangalie kama mtoto ana mtihani au ana harusi. Mpigie. Mpigie kabla hata sijaoshwa.

Ni mimi mdogo wako wa kukufuata ziwa,
Hadija