Matanga ya Walio Hai

Socul, 3 Februari 2024

Shikamoo mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepungua uvimbe. Sisi hatujambo. Bibi Chiva anakohoa asubuhi tu, na anasema ni moshi wa jiko, si kifua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali, nikitamka neno moja unakata. Barua huwezi kuikata. Nelu ameahidi kuipakia kwenye gari lake na kukukabidhi mkononi huko Italia, pamoja na jibini na jamu ya plamu.

Mama, chuo nimeacha. Najua umeshasikia, watu hawana siri, lakini sasa sikia kutoka kwangu. Kule Craiova nilikuwa nasoma uhasibu kwa sababu ulilipia, basi. Nilijiuliza nimezaliwa nifanye nini hasa, na sikuwa na jibu. Mwezi wa kumi nikajiunga na vijana wa kujitolea, tukaja hapa kwetu kupaka rangi zahanati iliyofungwa. Tukapaka ukuta buluu, tukapiga picha, wenzangu wakapanda basi wameridhika na nafsi zao. Bibi alisimama pale akautazama ukuta. "Umependeza," akasema. "Ndani atakaa nani?"

Mwezi wa kwanza jirani yetu mzee Ghiță akafia sebuleni kwake, akisubiri gari la wagonjwa lililopotelea kijiji kingine. Tangu siku ile nimebaki. Nawapeleka wazee hospitali ya mjini kwa Dacia, lile gari la marehemu babu, nawapima presha, nawapigia simu wakubwa wa wilaya mpaka wameijua sauti yangu na wameanza kuikwepa. Silipwi. Lakini nikiamka najua naamkia nini.

Mwanao,
Denisa


Padova, 11 Februari 2024

Denisa mwanangu,

Marahaba. Goti lipo palepale, nami nipo palepale. Jibini limefika, ila mwambie mama apunguze chumvi. Presha yake siku hizi unaijua wewe, wewe ndiye daktari wake.

Barua nimeisoma jikoni, bibi Ornella akiwa amelala. Nimeisoma hadi mwisho, halafu nikacheka kwa hasira. Yaani mimi nimekuja huku kumwogesha mama wa watu, kumbadilisha nepi, kumlisha kwa kijiko na kutukanwa juu yake, ili wewe usije ukaifanya kazi hii maishani. Na wewe umeifuata kwa miguu yako, tena bure. Mimi angalau nalipwa.

Kama ni kuhudumia wazee, wazee wapo huku na wana pesa. Jirani wa ghorofa ya chini anamtafutia mama yake mtu. Nimeshamwambia una heshima na una mikono yenye nguvu. Uje kabla ya Pasaka. Kubadilisha nchi waachie wanaolipwa mishahara kuibadilisha. Msichana mwenye akili haendi kuozea kwenye kijiji cha vikongwe.

Usipokuja, Denisa, radhi yangu usiitafute. Nimesema kama mama, na sirudii.

Mama yako


Socul, 24 Februari 2024

Shikamoo mama,

Hujambo na baridi? Hapa theluji imefunga barabara ya juu. Bibi hajambo, kikohozi kimeondoka.

Siji. Naliweka neno hilo juu ili usihangaike kulitafuta chini.

Kati ya hao vikongwe mmoja ni mama yako. Aliniomba nimsomee barua, nikamsomea yote, na hilo neno nalo. Akacheka akasema mdomo huo unao tangu ulipoachishwa ziwa. Kuhusu radhi, nikiikosa itaniuma, sitajifanya shujaa. Lakini unanitaka niwaache wazee wasio na mtu nije kuwalea wazee ambao wameweza kuwanunua mama zetu. Hapo ndipo ninapokataa.

Wilaya wamejibu hatimaye. Wanasema kijiji chetu hakina watu wa kutosha kupewa nesi. Maana yake tumeshahesabiwa pamoja na wafu. Neno hilo limemkaa bibi rohoni. Tangu juzi anapanga jambo na wazee wenzake, nami nawasaidia. Usiniulize ni nini.

Mwanao,
Denisa


Padova, 31 Machi 2024

Denisa,

Salamu leo ni chache. Mwili ni mzima.

Waitaliano wanakula Pasaka yao, yetu ya Kiorthodoksi ikiwa bado zaidi ya mwezi, nami nikapewa ruhusa ya mchana. Nikaenda bustanini tunakokutana wanawake wa kwetu, pale Nelu anapoegesha. Kila mmoja ananitazama, halafu anatazama simu yake. Mwishowe mmoja wao, Lenuța, akanihurumia akanionyesha. Namwona mama yangu, kitambaa cheusi kichwani, mshumaa mkononi, amekaa kwenye meza ndefu mbele ya zahanati na wazee wenzake. Picha yake mwenyewe imewekwa mezani kama ya marehemu. Nyuma yake ni wewe, unagawa maharage.

Anayejifanyia matanga akiwa hai ni yule asiye na mtu wa kumfanyia. Kwetu hata mtoto anajua hivyo. Umemwacha mama yangu aitangazie dunia kwamba hana mtoto. Mimi, ambaye hata kuni za moto anaoota nimezinunua. Lenuța akanipa pole, wenzake nao wakafuata, mmoja mmoja, kama wamekuja msibani. Sikuwa na pa kuficha uso.

Mlikuwa mnatafuta nesi, mkanizika mimi.

Kazi ya jirani bado ipo. Siombi tena. Njoo, au usiniandikie.

Mioara


Socul, 4 Aprili 2024

Shikamoo mama,

Umesema nisikuandikie, naandika. Umetia sahihi kwa jina kana kwamba unaiandikia benki, nami nitaendelea kukuita mama. Pole kwa goti. Bibi anakusalimu, na hajui umekasirika kiasi gani, kwa sababu hiyo barua sikumsomea.

Simu ilikuonyesha kipande tu. Wazo lilikuwa la bibi. Nilimwambia utaumia, akajibu kwamba utaumia zaidi ukipigiwa simu uje kumzika kwa kukosa dawa ya presha. Basi tukaazima meza za kanisa. Tukapika maharage bila nyama kwa kuwa ni Kwaresima, na ile ngano tamu ya matanga, na mikate ya mviringo. Kila mzee akaja na picha yake. Padri alisitasita kidogo, kisha akaja akatuombea.

Kwanza alitumwa polisi atuondoe kwa kuwa hatukuwa na kibali. Bibi akampa bakuli na mshumaa. Unajua mwenyewe, mama, chakula cha matanga hakuna anayekikataa. Kijana wa watu akavua kofia akala. Picha zikasambaa, na saa chache baadaye akafika mkubwa wa afya wa wilaya mwenyewe, kavimba. Wazee wakamkaribisha kwa adabu zote, wakamkalisha katikati yao, wakamwekea bakuli mbele. Alilitazama sana. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Akalichukua, akasema kama inavyosemwa, Mungu awarehemu, akala.

Bibi alingoja ameze.

"Asante, baba," akamwambia. "Umekula matanga yetu na umetuombea rehema. Sasa chagua moja. Tuandike tumekufa, au tuletee nesi."

Yule bwana aliiva uso mpaka masikio. Hakuahidi kitu. Alimaliza bakuli lake akaondoka, na wazee wakacheka kama watoto waliovunja dirisha. Sijapata kumwona bibi akicheka hivyo.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamuuliza kama ni kweli hana mtu. Alikasirika. Akasema, "Mtoto ninaye, na ni mchapakazi. Ila kijiji kisicho na kazi, basi wala nesi ndicho kilichomfukuza, na mimi nimechoka kukinyamazia."

Hapo ndipo nilipoelewa, mama. Nataka kijiji ambacho mama wa mtu hatalazimika kukikimbia. Ulinikimbia nikiwa na miaka tisa. Sikulaumu wewe, lakini kuna kinachostahili lawama, nami nimekipata na sikiachii. Kazi niliyokuwa naitafuta ndiyo hii.

Mwanao,
Denisa


Socul, 20 Aprili 2024

Shikamoo mama,

Hali yako? Nelu ameleta mafuta ya zeituni na dawa za bibi. Barua hakuna. Nilimuuliza kama umetuma neno, akajitia kuangalia tairi. Safari iliyotangulia ilikuwa hivyohivyo.

Nesi anaanza baada ya Pasaka, siku mbili kwa wiki. Wilaya wanataka tushukuru. Tumewaambia tunataka wiki nzima, la sivyo tunapika tena, na safari hiyo meza tutazipanga mlangoni kwao. Wale vijana wa rangi wamerudi wawili, wameniuliza cha kufanya, nikawapa kazi ya kupasua kuni.

Kazi ya jirani mpe mwingine. Nimeandika hivyo nikilia, usidhani nina moyo wa jiwe. Lakini siji.

Mwanao,
Denisa


Padova, 28 Aprili 2024, Jumapili ya Matawi

Denisa mwanangu,

Marahaba, pamoja na zote nilizokunyima. Goti linauma, hilo halina Pasaka. Mama hajambo? Nawe unakula?

Nilinyamaza kwa sababu kila nilichotaka kusema kilikuwa tusi. Barua ya matanga nimeisoma mara nyingi nikitafuta pa kukukamata. Sikupata, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Halafu pale ulipotaja miaka tisa nikaiweka chini, nikaenda kumwogesha bibi Ornella, nikamwogesha huku nalia, naye akanifuta uso kwa taulo lake.

Jana nikamwomba binti yake ruhusa niende nyumbani Pasaka. Akashtuka, akauliza mama yake atabaki na nani. Tangu nifike nyumba hii sijawahi kumjibu yule dada. Nikamwambia, "Na wewe. Wangu amenisubiri mpaka amejifanyia matanga." Alidhani nimechanganyikiwa. Nikavua aproni nikaiweka mezani, akaelewa. Nimepewa wiki mbili. Barua hii inakuja na Nelu leo, mimi nakuja na basi la Jumatano.

Kazi ya jirani amepewa binti wa Lenuța. Wiki mbili zikiisha nitarudi huku mwenyewe, maana petroli ya hiyo Dacia haijinunui. Mwambie mama matanga yake siyatambui. Ya kweli nitayapika mimi, na asinifanyie haraka.

Wewe baki huko. Wakikuchezea na hizo siku mbili zao, chemsha maharage. Radhi nimekupa. Hasira bado ninayo, nakuja nayo.

Mama yako