Mzee Gasore Ameonja Udongo Mbele ya Bakwe

Florentine, uko wapi? Nimewaleta bakwe zangu kuona kiwanja yetu ya kujenga nyumba, na Mzee Gasore, ule fundi wa zamani, amekula udongo mbele yao!

Ameinama, ameweka kipande kwa ulimi, amefunga macho kama muntu anaonja mchuzi. UDONGO!

Bakwe wakaangaliana. Mke wa Gasore akacheka mpaka kilemba ikaanguka, ndipo akatueleza.

Mwaka wa 1976, Gasore ndiye alikuwa anapima vifaa vya kujenga shule moja hapa Baraka. Walitaka matofali ya kuchoma. Akahesabu kuni, akaona miti yote ya kilima itakwisha. Akasema: matofali ya kukausha kwa jua, na paa pana ya kuzuia mvua.

Siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, bantu bote wakafyatua matofali. Bakubwa wakamushangilia, yeye na abakosti yake mpya, ile suti bila tai ya wakati ule.

Halafu siku ya soko, ukuta ikiwa imesimama, ng'ombe zikashuka kutoka milimani. Zikafika kwa shule, zikasimama, zikaanza kulamba ukuta! Kona nzima ikaliwa. Ule udongo ulikuwa na chumvi!

Na yeye ni mutoto wa bafugaji, Florentine! Mama yake alimuuliza tu: "Gasore, ulipima yote, ukasahau kuonja?"

Alijenga upya ile kona na udongo mwingine. Shule iko mpaka leo, na miti iko kwa kilima.

Sasa hapa kiwanjani, Mzee ametema, amesema: "Hii iko muzuri. Mujenge."

 Baba mukwe ameinama polepole, naye ameonja.