Baba Anakaza Tu

Nyumbani kwa Baba,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu kutoka uani kwetu, nimekaa juu ya tairi kuukuu na karatasi iko gotini. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Na kile kifua kimepona, au bado unakohoa kama dizeli ya asubuhi? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia.

Nianze na Malkia, maana najua unataka habari za gari kuliko zangu. Tumeshalivua turubai. Panya wamehamia siti ya nyuma, kile kitanda chako cha utotoni, wamezaa na wamelea. Milango inafunguka, na breki zimeachia baada ya kulowekwa oili na kugongwa taratibu. Imebaki injini. Bolti za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, zimeshikwa na kutu mpaka zimekuwa kitu kimoja na chuma.

Unakumbuka Baba alivyotufundisha. Bolti ya kutu huianzi kwa kufungua. Unaipasha moto, unaigusisha mshumaa ili nta iingie kwenye nyuzi, unaikaza kidogo, kutu ishtuke, ndipo unailegeza. Pale karakana walimcheka kwa huko kukaza, kisha wakaja kumwomba msaada.

Sasa Kaka, Baba anakaza tu.

Moto anaupasha vizuri, nta anaiweka vizuri, anakaza, anafuta mikono, anawaza. Kisha anarudi palepale na kukaza tena. Kulegeza kumemtoka kichwani. Mwanzoni nilidhani ananitania, si unamjua. Siku hizi akijilaza mchana nachukua spana nazilegeza bolti, nazirudisha zilipokuwa, na akiamka namwambia zinakaribia kuachia. Anafurahi sana. Mimi naingia jikoni nalia.

Juzi bolti moja ilimkatikia mkononi. Alikiangalia kile kichwa cha bolti kwa muda, akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, fundi gani huyu aliyekaza hivi?"

Nilimjibu simjui.

Nilimpeleka kwa daktari. Amesema ugonjwa huu wa kusahau haurudi nyuma, tumtunze tu. Kwenye simu hutausikia, maana Baba anajua kucheka pale unapocheka wewe. Na fundi mwingine hataki asogee, kwa sababu ulimwambia gari likipona ndipo utakuja, aje kukupokea nalo stesheni. Ulisema kwa mzaha, najua, lakini nimekukasirikia na sitaki kukuficha. Kila siku anaikazia injini ahadi yako.

Usisubiri gari, Kaka. Njoo wiki hii, hata kama ni kusimama njia nzima.

Leo asubuhi nilimkuta anasugua kioo cha mbele. Nikamuuliza anajiandaa kwenda wapi. Akasema anakwenda kumpokea mwanawe. Jina lako alilitafuta, akalitafuta, likakataa kuja. Akaweka kitambaa chini.

"Yule mkubwa," akasema. "Anayelala siti ya nyuma."

Nisalimie Wifi na wanao, na Shangazi ukimwona mwambie asiudhike kwa ukimya wangu. Mungu akushike mkono njiani, maana naamini ukimaliza kusoma hii utakuwa njiani.

Ni mimi nikupendaye, hata nikiwa nimenuna,
Kitindamimba wenu.